Pumzi ya Ndege Iliyolala

Kila alfajiri katika kijiji cha Kirindi, kabla kuku hawajashuka mitini, harufu ya mkate ilikuwa imeshapita nyumba zote. Ilitoka kwa Bi Atija, mwokaji, ambaye tanuri lake la udongo lilikaa nyuma ya nyumba kama kobe mkubwa aliyechoka kutembea. Nazira, bintiye wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekata madonge na kuyapanga kwenye ubao.

"Mama, hili limeumuka?"

"Libonyeze kwa kidole. Likirudi juu, limeumuka. Likibaki na shimo, lisubiri. Unga hauna haraka, mwenye haraka ni wewe."

Saa kumi na mbili mikate ilitoka. Nazira aliimimina kwenye ungo, akaifunika kwa kitambaa chepesi na kuiweka barazani ipigwe na upepo. Hilo alilijua tangu anang'oka meno ya utotoni: mkate wa moto haufungiwi. Ukiufungia hutoka jasho, ukawa mzito kama tope. Lazima upumue.

Nazira alijua mambo mengi, na tatizo lake lilikuwa hilo. Mtu akianza kumweleza jambo, neno lake la kwanza lilikuwa "Najua." Mwalimu akishika chaki, Nazira anajua. Bibi akianza hadithi, Nazira anajua mwisho wake. Binamu yake Muhamudo, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amempa jina.

"Bi Najua," alimwambia siku moja, "na siku ya kufa kwako, malaika akikuuliza jina lako, umwambie unajua."

"Na wewe siku hiyo utakuwa bado unatafuta daftari lako," Nazira alimjibu, na kila mtu akacheka, hata Muhamudo.

Mwaka ule kifuku, majira yale ya mvua, kiliingia kwa kishindo. Ndege ndogo nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni ilikuwa imetua Kirindi na muuguzi wa chanjo. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Pista, yaani uwanja wa nyasi ambapo ndege hutua, ikawa uji. Magurudumu yakazama hadi nusu. Wanaume ishirini waliikokota ndege ile kwa kamba mpaka chini ya banda la makuti pembeni mwa pista, na ikawa wazi kwamba haitaruka tena mpaka ardhi ikauke. Huenda miezi mitatu.

Kijijini watu waliiita "ndege ya chanjo". Nyumbani kwa kina Nazira iliitwa "ndege yetu". Miaka miwili nyuma Bi Atija alishikwa na uchungu wa uzazi, siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mtoto hakuja. Ndege hii ndiyo iliyomchukua hadi hospitali ya mji wa Pemba. Alikwenda mmoja, wakarudi wawili: yeye na Nadia, ambaye sasa alikuwa akikimbia kila mahali na kutia kila kitu mdomoni. Nazira hakusahau siku ile. Alikuwa amesimama kwenye pista akiitazama ndege ikiwa ndogo, ikiwa ndogo zaidi, mpaka ikawa nukta ya unga angani. Tangu hapo alitaka jambo moja tu duniani: kukaa ndani yake, kiti cha mbele, aone mama alipita wapi.

Rubani alikuwa mwanamke mrefu wa kisiwa cha Ibo, jina lake Benilde. Watu walimwita komandanti, yaani nahodha wa ndege. Siku ya kuondoka kwake kwa boti alikuja nyuma ya nyumba, akaingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri, akautoa, akatabasamu.

"Bi Atija, nimezunguka kijiji kizima natafuta moto mpole. Kumbe uko kwako."

"Mkate ukishatoka, tanuri hubaki na joto hadi adhuhuri," alisema Bi Atija. "Huwa nakaushia karanga."

"Basi nakuomba nikaushie kitu kingine. Na ninamwomba binti yako."

Walikwenda wote bandani. Benilde aliinua bamba la pua ya ndege, na Nazira akaiona injini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kijivu, yenye mapezi kama samaki, imenyamaza.

"Injini ni chuma," alisema Benilde, "na chuma na hewa ya bahari ni maadui wanaochekeana. Ikiruka kila siku, joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Ikilala, unyevu huingia kimyakimya na kutu hufuata. Mjini tungechomeka mashine ya umeme ya kukausha hewa. Hapa hakuna umeme. Lakini kuna jua, hata la mawinguni, na kuna tanuri la mama yako."

Alimwonyesha bamba la sola juu ya paa la banda, betri ndogo chini yake, na feni isiyozidi kiganja. Feni ilivuta hewa kupitia chupa pana iliyojaa chembe za mviringo, ndogo kama mtama, za buluu iliyokolea. Hewa ikishapita kwenye chembe iliingia injini kwa mpira mwembamba na kutokea upande wa pili, ambako matundu yalizibwa kwa vitambaa vyekundu.

"Chembe hizi hunywa maji yaliyomo hewani. Zikiwa na kiu ni za buluu. Zikishiba hugeuka rangi ya waridi. Zikiwa waridi, haziwezi kunywa tena. Unazitoa, unazikausha tanurini baada ya mkate, zinarudi buluu. Zikikaushwa vizuri zitakaa wiki mbili. Si chakula, zina sumu. Sinia yake iwe ya peke yake, unawe mikono, na Nadia asizisogelee."

"Najua," alisema Nazira.

"Na mapanga haya ya mbele msiyazungushe kwa mkono, wewe wala wenzako. Mtafuta mafuta yanayolinda chuma ndani."

"Najua."

Boti ilipiga honi. Maji yalikuwa yanakupwa, na nahodha hakutaka kukwama kwenye mchanga. Benilde alichukua bati la biskuti lenye mfuniko wa kubana akampa Nazira.

"Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Zikiiva, zikiwa bado za moto, uzi..."

"Najua, komandanti!" Nazira alidakia. "Mimi ni mtoto wa mwokaji. Kutoa kitu tanurini ndiyo kazi yetu."

Benilde alimtazama kidogo. Honi ililia tena.

"Haya basi, mwokaji," alisema akiinua mkoba. "Kila Ijumaa nitapiga simu ya mama yako. Utaniambia rangi. Rangi ya kweli, Nazira. Nikiwa Pemba, sina macho hapa isipokuwa yako. Kifuku kikiisha nikaikuta injini safi, safari ya kwanza utakaa mbele, kando yangu."

Nazira hakuenda nyumbani. Alibaki bandani ameshika bati tupu, akisikiliza. Feni ilivuma kwa sauti ndogo, *mmmm*, kama mtu anayekumbuka wimbo usingizini. Mvua ilipungua, ukungu ukapanda kutoka kwenye nyasi, na ndege nyeupe ikawa kama inaelea. Alilaza sikio kwenye ubavu wake wa baridi. Ilikuwa inapumua. Naam, na yeye ndiye aliyepewa pumzi yake.

Tangu siku hiyo Nazira alikanda unga akiwa mbali. Mikono ilikuwa Kirindi, macho yalikuwa juu ya kisiwa cha Rongui, juu ya mawingu, katika kiti cha mbele. Aliutungia usingizi wa ndege wimbo, akauimba akikanda:

*Lala ndege, lala sana,*
*usiku hata mchana,*
*nakupa hewa mwanana,*
*kwa jua tutaonana.*

Wiki mbili za kwanza zilipita kama wimbo. Shule yake ilikuwa ya zamu ya mchana, hivyo kila asubuhi baada ya mkate alipita bandani, na kila asubuhi chembe zilikuwa buluu. Ijumaa alipanda ukuta wa tangi la maji, mahali pekee penye mtandao mzuri, na kusema: "Buluu, komandanti." Ilikuwa kweli.

Wiki ya tatu chembe ziligeuka. Zilianza chini, waridi hafifu, kisha rangi ikapanda hadi juu. Nazira hakuogopa. Jumanne, mkate ulipotoka na tanuri likapoa kidogo, alizimimina kwenye sinia yake na kuziingiza tanurini. Saa nne zilitoka buluu, buluu kama bahari ya Rongui mchana. Moyo wake ukajaa. Alizitandaza kwenye ungo mkuukuu, akazifunika kwa kitambaa chepesi, akaziweka barazani juu ya kichanja, mbali na mikono ya Nadia, zipumue. Kisha akaenda shule.

Lile bati lenye mfuniko wa kubana alikuwa amelipatia kazi nzuri. Alihifadhia penseli.

Jioni alipozichukua mbingu zilikuwa nzito na mwanga hafifu. Chembe zilikuwa kama zambarau. "Ni mawingu," alijiambia, akazirudisha kwenye chupa. Alhamisi zilikuwa waridi tupu.

Ijumaa alipanda ukuta wa tangi. Simu ikalia.

"Bom dia, mwokaji! Rangi gani?"

Nazira alifungua kinywa. Aliiona pista, akajiona kwenye kiti cha mbele, akamwona Muhamudo chini akipunga mkono. Nitazikausha tena Jumatatu, aliwaza, zitarudi buluu, basi ni kama buluu tu.

"Buluu, komandanti."

Alishuka ukutani akishikilia kwa mikono miwili, ingawa ukuta haukuwa mrefu.

Jumatatu alikausha tena, muda mrefu zaidi. Zikatoka buluu. Akazitandaza kwa uangalifu zaidi, akachagua upande wa baraza wenye upepo mwingi. Jumatano zilikuwa waridi. Ijumaa akasema buluu, na safari hii uongo ulitoka laini, kama mlango uliotiwa mafuta. Hilo lilimtisha kuliko uongo wa kwanza.

Jumatatu iliyofuata hakungoja tanuri lipoe. Aliziingiza mkate ukiwa ndiyo kwanza umetoka, moto bado mkali, akidhani ukali ndio uliokosekana. Nyingine zilipasuka na kuwa kahawia kama punje za mahindi zilizoungua. Zilizobaki alizitandaza barazani. Zikapumua. Zikageuka.

Jumatano mchana, kabla ya shule, alisinzia juu ya gunia la unga huku mvua ikipiga makuti. Alijiona amesimama pistani. Ndege ilikuwa imefumbua macho, ambayo hakujua kama inayo. Ilikohoa, na kila ikikohoa vumbi jekundu lilitoka puani mwake na kuangukia nyasi. "Nazira," ilisema kwa sauti ya mama yake, sauti ile ya siku ya uchungu, "unanipa nini ninywe?" Alitaka kujibu, lakini kinywani mwake mlijaa chembe za waridi.

Aliamka jasho likimtoka. Muhamudo alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa shule, akila kipande cha mkate.

"Bi Najua analala mchana? Dunia imekwisha." Kisha akaona uso wake. "Una nini wewe?"

Nazira alichukua mkoba wake wakaondoka, na njia ya shule ilipita bandani. Hapo alimwonyesha chupa.

Muhamudo aliinama akaitazama muda mrefu. Hakuwa mwepesi darasani, lakini alikuwa na desturi ya kuuliza swali na kulikalia.

"Hizi zimeshiba?"

"Zimeshiba."

"Na feni inaendelea."

"Usiku na mchana."

"Sasa kama zimeshiba, hiyo feni inapuliza nini ndani?" Alilamba kidole akakiinua hewani. "Si hewa hii hii ya bahari? Mbona kama unaimwagia maji kwa kijiko?"

Nazira aliitazama feni. Siku zote hizo alidhani chembe zikigeuka, ndege hukosa tu dawa yake. Hakuwaza kwamba kila saa, kila dakika, ile feni aliyoipenda, ile sauti ya *mmmm* aliyoiimbia, ilikuwa ikisukuma unyevu ndani ya chuma. Na aliyejua la kufanya alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa Pemba, akiamini ni buluu.

"Muhamudo, nenda shule. Mwambie mwalimu nitachelewa."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

Bi Atija alikuwa akipasua kuni zilizolowa azipange juu ya tanuri zikauke. Nazira alisimama mbele yake na kusema yote bila kupumzika: chembe, kijiko cha Muhamudo, Ijumaa ya kwanza, Ijumaa ya pili, kiti cha mbele. Alipomaliza, Bi Atija alikaa juu ya kinu.

"Ndege iliyonirudisha mimi," alisema taratibu. "Iliyomleta Nadia."

Nazira alilia sasa. "Mama, mpigie wewe. Mwambie nimekosea. Wewe hatakugombeza."

"Sikuwapo mdomoni mwako uliposema buluu, wala leo sitaingia." Bi Atija alifungua fundo la kanga, akatoa simu, akampa. "Usingoje Ijumaa. Kila saa ni kijiko kingine cha maji."

Ukuta wa tangi ulikuwa unateleza kwa mvua. Nazira alipanda, akabonyeza namba, akangoja. Alitamani mtandao ukatike. Haukukatika.

"Alo? Nazira? Leo si Ijumaa."

"Komandanti, si buluu," alisema. "Ni waridi. Ilikuwa waridi Ijumaa iliyopita, na iliyotangulia pia. Nilikudanganya mara mbili. Feni inawaka muda wote."

Alisikia magari ya Pemba, na mtu akicheka mbali.

"Nani yuko karibu na banda?" Sauti ya Benilde ilikuwa kavu.

"Mimi nitafika sasa hivi."

"Chomoa waya wa feni. Toa mpira, ziba tundu lake kwa kizibo chekundu kilicho mfukoni mwa mlango. Nakungoja, usikate simu."

Nazira alikimbia, simu mkononi, tope likimrukia mpaka shingoni. Pale bandani sauti ilikatikakatika, lakini ilitosha. Alichomoa waya. Ile *mmmm* ikakoma. Banda zima likawa kimya kiasi kwamba alisikia matone yakidondoka kutoka makutini, moja moja.

"Imezimwa, komandanti."

"Sasa niambie. Ukizitoa tanurini zina rangi gani?"

"Buluu. Wallahi ni buluu."

"Halafu unazifanyaje?"

"Nazitandaza kwenye ungo, nazifunika kitambaa, nazianika barazani mpaka jioni. Zipumue."

Benilde alishusha pumzi, na ndani yake mlikuwa na kitu kama kicheko kilichoumia. "Zipumue! Nazira, kazi ya chembe zile ni kunywa hewa yenye maji. Ukiziacha barazani wakati wa kifuku, zinainywa Kirindi nzima. Zinashiba kabla hazijaiona ndege. Zikitoka motoni hutiwa kwenye bati hapo hapo, za moto, na kufunikwa kwa mfuniko wa kubana. Zinapoa humo ndani. Lile bati nililokupa lina nini?"

"Penseli zangu," alisema Nazira kwa sauti ndogo.

"Siku ile nilikuwa nakwambia."

"Nami nikasema najua."

Mvua ilianza tena. Benilde hakugomba, na hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa. Alisema tu: "La kiti tutalizungumza nikija. Sasa tuitibu injini. Nisikilize mpaka mwisho."

Nazira alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amjue, aliuliza: "Rudia tena, komandanti, pale pa kumimina."

Asubuhi iliyofuata, mkate ulipotoka, Bi Atija alirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. "Hesabu," alisema. Unga uliungua kabla ya tano. "Ni kali." Walingoja. Wakarusha tena, na safari hii unga ulifika rangi ya majani makavu Nazira alipohesabu ishirini. "Sasa."

Chembe zilizopasuka walikuwa wamezichambua na kuzizika mbali na kisima. Zilizobaki zilikaa tanurini saa tatu, Nazira akizikoroga kwa kijiti kila baada ya muda. Zilipokuwa buluu hadi ya chini kabisa, alishika sinia kwa matambara, akazimimina ndani ya bati zikilia kama mvua juu ya mabati, akapiga mfuniko. Mikono yake ilitaka kuufungua, zoea la miaka yote likimwambia kitu cha moto kisifungiwe. Aliikalia. Naam, aliikalia mikono yake, na Nadia akacheka kumwona.

Bati lilipopoa, alilibeba hadi bandani bila kulifungua, akazimimina chembe kwenye chupa haraka, akafunga, akarudisha mpira, akachomeka waya. *Mmmm*.

Ijumaa zilikuwa buluu. Ijumaa ya pili zilikuwa buluu, isipokuwa ukingo mwembamba wa waridi chini kabisa, na Nazira aliutaja hata ukingo huo. Ikawa hivyo mpaka kifuku kikachoka, ukungu ukanyanyuka, na nyasi za pista zikasimama.

Benilde alikuja kwa boti mwezi wa Aprili, pamoja na yule muuguzi wa chanjo na fundi wa injini kutoka nyanda za juu za Mueda, Mmakonde mnene aliyeitwa Cândido, ambaye watu walimwita mestre, yaani fundi mkuu. Fundi alitoa waya mrefu wenye kamera nchani, ndogo kama jicho la mjusi, akaupenyeza ndani ya injini na kutazama kwenye kioo kidogo.

"Silinda ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi kuliko sahani ya mama mkwe." Akasukuma waya. "Ya nne... ehe. Njooni."

Kwenye kioo, juu ya ukuta wa chuma uliong'aa, kulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa, mwembamba kama uzi.

"Nani mlinzi wa injini hii?" aliuliza.

Nazira alisogea mbele. "Mimi, mestre. Nimeitunza, na wiki mbili niliiharibu. Kutu hiyo ni yangu."

Cândido alimtazama juu mpaka chini. "Kutu ya wiki mbili naisafisha kwa siku mbili. Ungenyamaza mwezi mmoja zaidi, ningeifungua yote, na ndege ingelala hapa mpaka kifuku kingine. Na watu wangeugua kama kawaida, maana ugonjwa haungoji ndege."

Siku ya tatu injini iliwashwa. Moshi mweupe ukatoka, kisha ukaisha. Benilde alizunguka angani peke yake, akairudisha salama. Halafu akamwita muuguzi, ambaye alikuwa na sanduku la chanjo za watoto wa Rongui, na kumfungulia mlango wa kiti cha mbele. Alimgeukia Nazira.

"Kiti hiki nilimwahidi mtu atakayenipa rangi ya kweli kila Ijumaa."

"Ndiyo, komandanti." Nazira alimtazama usoni. "Si mimi."

"Si wewe safari hii." Benilde alivaa miwani yake. "Lakini ulipiga simu siku ambayo hukuulizwa. Hilo nimeliandika. Mwezi ujao nitakuwa na safari ya visiwani bila mgonjwa wala mzigo. Uombe ruhusa shuleni mapema."

Ndege ilikimbia juu ya nyasi, ikaruka, ikageuka upande wa bahari. Wote walisimama wakiisikiliza. Haikukohoa. Sauti yake ilikuwa nzima, nyororo, ikipungua taratibu mpaka ikabaki kama ile *mmmm* ya bandani, kisha hata hiyo ikamezwa na mwanga.

Bi Atija alimhamisha Nadia kiunoni upande wa pili.

"Sikiliza, Nazira. Mkate na chembe hutoka tanuri moja. Mkate ukitoka unataka hewa, chembe zikitoka zinataka mfuniko. Aliyejua la kwanza akadhani amejua na la pili, huyo ndiye asiyejua. Kukosea si aibu. Mimi nimeunguza mikate mingi kuliko niliyouza. Lakini kosa ukilifunika kwa uongo, linafanya kama ile feni. Huisikii ikikudhuru, na kila saa inapuliza. Ukilisema mapema, huwa uzi mwembamba wa kutu, unafutika."

"Nimesikia, mama," alisema Nazira. Hakusema neno lake lile.

Mestre Cândido alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la zana, akisubiri ndege irudi na akimega mkate wa asubuhi ile.

"Wewe msichana," aliita, mashavu yamejaa, "unajua kwa nini ndege ikitua hatuzibi matundu yake hapo hapo, tunangoja kwanza ipoe?"

Muhamudo alimtazama Nazira kwa hamu, akasubiri.

Nazira aliweka chini lile bati la chembe, akakaa kwenye nyasi mbele ya fundi.

"Sijui, mestre," alisema. "Nieleze."